Mmoja nilimpa dawa tamu, mwenzake nikamwachia vidonge

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi milimani huku Same. Machozi yamekauka, nasimulia tu.

Niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, akiwa na binti wa miaka saba, nimwite Namsifu. Mwanangu wa kumzaa alikuwa na miaka minne wakati watoto wote wawili walipougua koo, homa kali, hata uji hawamezi. Miaka ile zahanati ilikuwa na vidonge vya penisilini tu, na siku nyingine hata hivyo hakuna. Nesi alinipa vya wote wawili akasema, "Siku kumi, mama. Hata wakichangamka, usiache."

Vilikuwa vichungu, wakavitapika. Mume wangu akateremka mjini, maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa ndiyo yanaanza kufunguliwa, akarudi na chupa moja ya dawa ya maji, tamu. Nikamuuliza nesi ipi bora. Akanijibu, "Zote ni penisilini. Bora ni ile mtoto ataimaliza."

Chupa ilitosha mmoja. Nilimpa wangu mpaka kijiko cha mwisho. Namsifu nikamwachia vidonge. Ningeweza kumsagia, nikachanganya na asali. Sikufanya hivyo. Siku ya nne alilia, nikamwambia, "Basi, acha, si umepona?"

Baada ya wiki chache magoti yakavimba, akawa anahema akipanda kutoka mtoni. Hospitali walisema moyo umeathirika, yawezekana ni ugonjwa wa lile koo umefika huko. Daktari akauliza, "Dawa alimaliza?" Mume wangu amesimama pembeni. Nikasema, "Alimaliza."

Mume wangu alikufa akiamini hivyo. Namsifu alipokua, madaktari walimkataza kubeba mimba, na mchumba aliyekuwepo akaoa kwingine. Wa kwangu yuko mbali, hupiga simu Krismasi. Anayenipikia na kunifulia ni Namsifu.

Jumatatu anakwenda kupasuliwa moyo. Juzi alikuja akakaa karibu yangu nikichambua maharage, akasema, "Mama, kama kuna nililokukosea, nisamehe kabla sijaenda. Hukuwahi kunibagua."

Nikasema, "Hujanikosea kitu, mwanangu." Nikaendelea kuchambua. Sikusikia chochote moyoni, na hilo ndilo linanitisha.

Wenzangu, nikimwambia sasa, nitakuwa natua mzigo wangu au namtwika yeye akiwa njiani kwenda kupasuliwa? Na nikinyamaza, asiporudi je? Nishaurini, nifanye nini?