Mama Emérence Akataa Kusaini

Kwa miaka kumi na saba Emérence Kahongya alikuwa katibu wa chama chao cha siasa mtaani Rughenda, Butembo. Cherehani ndiyo iliyomlisha. Kazi ya chama aliifanya kwa moyo tu. Wanachama wote aliwajua kwa majina, nani kafiwa, nani kahama. Kwa hiyo mwaka 2023, kura zilipokaribia, Mumbere, rais wa chama mjini, alimletea karatasi ya kusaini. Ilisema kwamba Abdias, mgombea wa ubunge wa jimbo, ni mtu wa mwenendo mwema, na kwamba alifundisha Kayna miaka sita.

Emérence akainua macho. "Président, miye nilizaliwa Kayna. Huyu mwalimu sijamusikia hata siku moja."

"Dossier yake, karatasi zote, inatoka Kinshasa kwa bakubwa, Mama. Wewe saini tu."

"Kama Kinshasa banamujua, basaini bao benyewe."

Kesho yake alipanda pikipiki, akashika barabara ya kusini. Alifika Kayna mgongo ukimuuma, akaenda moja kwa moja kwenye shule iliyotajwa katika karatasi. Mkuu wa shule alifungua madaftari ya walimu ya miaka yote ile. Jina la Abdias halikuwemo.

"Abdias..." mkuu akarudia. "Si ule wa barrière?"

Kumbe watu walimkumbuka kwenye kizuizi cha njia ya Kanyabayonga, akisimama na wenye bunduki, akiwapokonya wakulima mavuno yao. Emérence hakutosheka na mdomo mmoja. Akauliza mpaka akampata Kaswera, mjane anayelima maharagwe. Kaswera akamwonyesha mkono uliopinda.

"Njo yeye, ndiye huyohuyo, alinipiga na kitako ya bunduki, juu nilikataa kuacha mufuko yangu. Utaje jina yangu, Yaya, dada yangu. Nimechoka kuogopa."

Emérence alirudi Butembo na hasira. Jumamosi asubuhi Abdias angezungumza redioni, na mtangazaji alikuwa Jephté, kijana aliyemfahamu kanisani. Akamfuata.

"Mama, ile saa imelipwa na parti, chama chenu," Jephté akasema. "Nikimuuliza mambo ya Kayna, batanifukuza."

"Donc redio yenu ni ya kusomea bakubwa sifa? Sikuombi umutukane. Umuulize: alifundisha masomo gani? Mwaka gani? Na pale kwa barrière alikuwa anafanya nini? Kisha umuache ajibu. Kama nilikosea, nitamuomba pardon mbele ya batu bote."

Jephté aliyaandika maswali, na jina la Kaswera chini yake. Jumamosi akauliza.

Swali la kwanza, Abdias alikohoa. La pili, alisema madaftari yaliungua vitani. Lilipotajwa jina la Kaswera, alivua vipokea sauti, akasukuma kiti, akatoka. Mji mzima ukasikia mlango ukibamizwa.

Mchana wake Mumbere aliita mkutano. "Mama, umetupaka matope. Leta kadi ya parti."

"Matope muliyaleta nyinyi na dossier yenu," Emérence akajibu amesimama. "Hii kadi nilipewa na batu ya Rughenda. Bao njo bakuje kuikamata."

Hakuna aliyenyanyuka. Hata hivyo Mumbere na wenzake walimfuta chamani, wakachagua katibu mwingine, naye akasaini karatasi ile siku ileile. Abdias akabaki kwenye orodha, picha zake zikajaa ukutani. Kura zilipohesabiwa, alianguka. Rughenda ilimpa kumi na moja.

Emérence hakupiga vigelegele. Aliona aibu kwamba jina lile lilifika hata kwenye karatasi ya kura. Tangu hapo anazunguka ofisi za vyama, Butembo hadi Beni, pamoja na Jephté, ambaye redio ilimsimamisha mwezi mmoja kisha ikamrudisha. Wanadai kila chama kibandike majina ya wagombea sokoni na makanisani wiki mbili kabla ya kuyapeleka kwa tume ya uchaguzi, ili anayemjua mtu aseme. Vyama viwili vimekubali. Vingine vinamwambia arudi kushona.

Majuzi alikutana na Mumbere njiani. "Mama, unatafuta nini tena? Si hauna parti."

"Parti niko nayo, Président. Nyinyi njo mulitoka."