Fimbo ya Kuchezea Kutoka Uswidi

Mwaka wa tisini na nane, ukitafuta Garissa mtu wa kukuandikia barua ya ofisi ikasomeka, ungeelekezwa kwa Bishara Alio, mpiga chapa mstaafu. Nyumbani kwake palikuwa na kompyuta aliyoinunua Dadaab shirika moja lilipobadilisha zake, na palikuwa na yeye. Basi.

Binti yake Hinda aliolewa Uswidi. Mjukuu, Lul, alikuwa na miaka saba, na lugha yake ilikuwa ya huko tu. Kisomali hajui, Kiswahili hajui. Kila Ijumaa Bishara alikwenda kwenye kibanda cha simu, mtoto akapewa simu, wakasikilizana wakipumua, kisha mtoto akamrudishia mamake. Ndipo Hinda akatuma kifurushi: disketi ya mchezo wa gari anaoupenda Lul, na kishikio cha kuuchezea, chenye fimbo fupi ya kusukuma huku na huku. Alisema angalau bibi na mjukuu wawe na kitu kimoja cha kuzungumza.

Bishara akainama nyuma ya kompyuta. Waya ulikuwa na vijipini kumi na tano. Tundu la skrini lilikuwa limekwishajazwa, lakini kando ya tundu la spika palikuwa na jingine, pana, la safu mbili. Akahesabu vitobo mara mbili. Waya ukaingia bila kulazimishwa.

Lakini gari likawa linavuta kushoto, linatumbukia mtoni kabla ya daraja. Siku tatu mfululizo. Akadhani kishikio kimeharibika njiani, na Ijumaa ndiyo hiyo inakuja.

Alhamisi akafungua upya ukurasa wa kupimia fimbo, ule uliotangulia mchezo kila mara, akausoma kama alivyokuwa akisoma barua za serikali, neno kwa neno. Ulitaka fimbo iachwe isimame yenyewe katikati, ndipo kitufe kibonyezwe. Yeye alikuwa ameing'ang'ania. Alikulia Banissa akinywesha ngamia kisimani, na huko mtoto aliyeachia kamba mnyama hajashiba maji alichapwa. Tangu hapo hakujua kushika kitu kwa ulegevu. Kila alipopima, mkono wake ulivuta fimbo kidogo kulia, na kompyuta ikaamini hapo ndipo katikati.

Akaiachia. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Gari likanyooka, likavuka.

Ijumaa alimwomba Hinda amwambie mtoto kwamba bibi amepita daraja. Lul akaipokonya simu, akamwaga maneno ambayo Bishara hakuelewa hata moja. Kila mtoto alipovuta pumzi, yeye aliitikia, "Haa, haa."

Hinda akarudi kuongea na mamake. "Hooyo, hajawahi kuongea hivi na mtu. Anauliza umeona nini ng'ambo ya daraja."

"Barabara tu," Bishara akasema. "Mwambie ni ndefu, na hakuna mtu. Aniambie inafika wapi."

Hinda akamgeukia mtoto, akatafsiri.