Yaya niliyempata mtandaoni

Leo nimemfukuza yaya kabla hajamaliza chai yake, na tangu hapo sina amani.

Nilimpata kwenye tovuti ya mayaya. Mama mmoja alimsifu: "Kwake mutoto halii."
Nikampenda kwa hilo tu.

Amefika asubuhi hapa Rumonge, mama wa makamo, mpole.
Pikipiki ikapiga kishindo barabarani, mutoto wangu akaanza kulia.
Yaya akamziba mdomo kwa mkono, akainama naye nyuma ya kiti.

Nilimnyang'anya mutoto.

"Unisamehe, mama. Wakati wa vita tulijificha mu michikichi. Wakisikia mutoto, tumekwisha."

Nikamuuliza, mutoto wako yuko wapi?

"Alinyamaza."

Nikamfungulia mlango.

Nyinyi mungefanya nini?
Mutoto analia tena sasa. Nimemwacha alie.