Vijiti vya Katikati

Mswaki wa mti ukiwa bado mbichi una harufu kali inayofanana na ya figili, na ukiusogeza karibu na pua macho huanza kulengalenga. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha nilipokuwa na miaka kumi, kiangazi cha kwanza baada ya sisi kurudi Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, tukakaa kwa mama mzazi wa baba yangu, mtaa wa Juba Na Bari mjini Juba, si mbali na mto. Tulimwita haboba, kama watu wa hapa wanavyomwita bibi. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshatandika gunia lililoloweshwa maji mbele ya lango, amepanga juu yake mafungu ya vijiti vitano vitano, na kisu chake kidogo kiko pajani. Mteja hakuchagua mwenyewe. Haboba alimkagua mdomo kwanza, bila haya, kisha akaamua. Mwenye fizi zinazotoka damu alipewa fungu la vijiti vyembamba, laini; kijana wa bodaboda mwenye meno ya kuvunjia mifupa alipewa vinene. Kijiti cha juu alikimenya ncha, akaiponda kwa mpini wa kisu mpaka nyuzi zikafunguka, akakikabidhi kwa mkono wa kulia. Asiyejua kwamba mdomo wake unanuka aliambiwa hapo hapo, mbele za watu, na kesho yake alirudi. Nimeona watu wazima wakisimama mbele ya yule bibi mfupi na midomo wazi, wakingoja hukumu.

Kazi ya kukata vijiti ilikuwa yangu kiangazi kile, kwa sababu magoti ya haboba yalikuwa yamechoka. Miti ya mswaki ilikuwa mbali, nyuma ya tanuri za matofali, mwendo wa karibu saa nzima juani. Alinifundisha kukata matawi ya pembeni tu na kuuachia mti ya kwake, kisha kuvifunga vijiti kwa kitambaa chenye maji visije vikakauka njiani. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na brashi ya plastiki ya rangi ya waridi na dawa ya meno yenye ladha ya peremende, na nilijiona mtu wa mjini kuliko wenye mji. Asubuhi nilipiga mswaki wangu uani kwa mbwembwe, povu likinidondoka kidevuni, ili watoto wa jirani wanione. Vijiti vya haboba kwangu vilikuwa kuni. Sikuamini kwamba kuna mtu mwenye akili anayeweza kutofautisha kijiti hiki na kile.

Halafu kulikuwa na kwepena. Ni mchezo wa kukwepa mpira tulioutoa kambini, na mimi ndiye niliyewafundisha wasichana wa mtaa wetu, kwa hiyo bila mimi mchezo haukunoga. Walianza jua likishapoa, saa ile ile ambayo mimi nilikuwa bado tanurini na vumbi hadi magotini. Siku moja nilitoka nyumbani na kisu, nikafika kwenye ua wa kiwanja cha kanisa, nikasimama. Ua ule ulikuwa wa vichaka vyenye maua ya manjano, na matawi yake yalikuwa yamenyooka, ya unene ule ule wa mswaki. Nilipolikata moja lilitoa maziwa meupe. Nikayafuta kwa mchanga, nikavianika vijiti juu ya jiwe mpaka vikakauka, nikacheza kwepena hadi magharibi. Nyumbani nilikuwa na vijiti vingi vya kweli vilivyobaki siku za nyuma, vingali na unyevu kitambaani. Nilifunga mafungu mwenyewe: vinne vya kweli nje, kimoja cha ua wa kanisa katikati. Haboba alinusa kila fungu, kama kawaida yake. Harufu ya figili ilikuwepo. Alinisifu kwamba nimefunga vizuri, nami nikaipokea sifa ile na kwenda kula. Nilifanya hivyo kwa siku tatu.

Siku ya nne, asubuhi, walikuja. Mbele alikuwa Mama Wani, jirani yetu aliyeuza chai pale kona, midomo imevimba, amejifunika khanga hadi puani. Alikuwa ametapika usiku kucha na hakuweza kuwasha jiko lake. Nyuma yake vijana wawili wa bodaboda, mmoja hawezi hata kufunga mdomo. Hawakupiga kelele. Mama Wani aliweka fungu juu ya gunia, akakivuta kijiti kimoja cha katikati. Haboba alikichukua, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na brashi yangu ya waridi mkononi.

"Poni, hii umekata wapi?"

"Kule kule, haboba. Tanurini."

Alinitazama. Alijua. Mtu aliyekata mswaki miaka hamsini hawezi kukosa kujua kichaka cha kanisani, na haboba aliupita ua ule kila Jumapili. Bado nafasi ilikuwepo ya kusema. Hakuna aliyenishikia fimbo. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Basi haboba akawageukia watu.

"Makosa ni yangu," alisema. "Huyu mutoto analeta tu, mimi ndio nachagua. Macho yangu haioni tena muzuri. Mama Wani, nisamehe. Nyinyi vijana pia, nisameheni."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala haboba peke yake. Wateja walimhurumia, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi, maana hakuna tena aliyekuja kununua. Baba alichukua kile kisu na kukiweka juu ya kabati, kwa upendo kabisa. Mama alimwondolea kazi ya kuchagua maharage akisema mawe yatabaki, na mdogo wangu mchanga hakuachwa tena mikononi mwake. Mwanamke aliyekuwa akihukumu midomo ya mtaa mzima sasa aliwekewa kiti kivulini na kuambiwa apumzike. Na alikuwa anaona. Mchana mmoja Mama alidondosha sindano mchangani, tukaitafuta sote kwa magoti. Nilipoinua kichwa nikamwona haboba, hatua kumi kutoka pale, ananyoosha kidole chake taratibu kuelekea mguu wangu wa kushoto. Sindano ilikuwa hapo. Nikaiokota, nikasema nimeiona. Haboba alikuwa amekwisha kurudisha mkono mapajani na kutazama ukutani.

Hakuwahi kuniuliza mara ya pili. Kama angenichapa ningelia, ningesahau. Aliniomba jambo moja tu, nimletee mswaki wake mwenyewe, na alipoomba alisema, "We ndio uko na macho." Sijui kama alinitania au aliniadhibu. Nilikwenda tanurini kila wiki kwa muda wote uliobaki, na kila nilipofika kwenye ule ua wa kanisa nilivuka barabara. Alifariki nikiwa nimerudishwa Uganda kusoma sekondari. Sikuwa nimemwambia neno.

Leo nakaa Munuki, mtaa mwingine wa Juba, nina watoto wawili na glasi ya brashi nne kando ya beseni. Vijana wa bodaboda pale stendi bado hutafuna mswaki asubuhi wakingoja abiria, lakini wanaununua kwa mtu anayepita na boksi, naye hamtazami yeyote mdomoni. Mimi mwenyewe siwezi kuutia kinywani. Watu hudhani ni maringo ya mtu aliyesoma, nami huwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa kunyamaza nilijifunza mapema. Siku hizi watoto wangu wakivunja kitu nawauliza mara moja tu, kisha nangoja jibu.

Mwezi uliopita niliteremka Juba Na Bari, nikamkuta Mama Wani bado anauza chai, amezeeka, meno yake yote yapo. Niliketi kwenye kiti chake cha chini nikamweleza kila kitu, ua wa kanisa, maziwa, vijiti vya katikati. Nilitegemea hasira, au kicheko, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwenda pale kutafuta msamaha wa bei rahisi kutoka kwa mtu aliye hai. Alisuuza glasi mbili kabla hajanijibu.

"Mimi nilipona siku tatu tu," alisema. "Lakini haboba yako, mimi ndio nilikuwa namushika mukono kupeleka kanisa. Kila Jumapili, mupaka alikufa. Namwambia, haboba, hapa iko jiwe, inua muguu." Aliweka glasi chini. "Na yeye anainua."