Kaburi Ambalo Sikuliandika

Bibi alinituma kazi moja tu, na mimi niliahidi mbele yake kwa mdomo wangu. Alisema, "Siku ya kuandika mali, hakikisha mume wangu ameandikwa. Mimi miguu haifiki huko chini. Wewe ndiye mwalimu."

Barabara ya kupanda mlimani kutoka Himo ilikuwa inapanuliwa, na vigingi vyekundu vilikuwa vimekata kihamba chetu vipande viwili. Kihamba ndilo shamba la ukoo, tumezaliwa humo na tunazikwa humo. Nyumba ilisalia upande wa juu. Upande wa chini, wenye kahawa na babu yangu, ulikuwa unachukuliwa. Bibi alitaka babu ahamishiwe juu, karibu na mahali ambapo bibi mwenyewe alijichagulia kuzikwa.

Mthamini wa serikali alikuwa kijana mpole, mtu wa mkoa mwingine, na alimwamkia baba shikamoo kabla hajafungua karatasi zake. Mzee mmoja wa kamati ya kijiji alikuja naye kushuhudia. Huyo na baba walikuwa wazee wa kanisa, Jumapili wanakaa benchi moja. Mimi nilipewa kuandika nakala yetu ili tusije tukapunjwa.

"Ardhi yenyewe hailipwi, mzee," mthamini akasema. "Ardhi ni ya taifa. Tunalipa jasho la mtu: mimea, majengo, na gharama ya kuhamisha makaburi."

Baba akamuuliza jasho la babu yake, aliyechimba mfereji unaotuletea maji, linaandikwa wapi. Mthamini aliipekua karatasi yake, akasema mifereji haimo. Basi baba akapigania vile vilivyomo. Walibishana juu ya mibuni miwili mizee mpaka jua likawa kali. Mthamini anasema imekwisha, haina thamani. Baba anasema mti ambao bado unajaza debe hauitwi umekwisha, labda mthamini aje aichume mwenyewe. Akashinda. Nilijivunia baba yangu siku ile, sitaficha.

Kisha tukafika kwenye masale.

Isale ni mmea wa majani marefu, na kwetu Wachagga unaonyesha mpaka, unaombea msamaha, na unalinda wafu. Babu alikufa bila kubatizwa. Alizikwa kwa mila, na baada ya miaka fuvu lake likafukuliwa, likawekwa kwenye chungu chini ya masale hayo. Kanisa halikuyataka mambo hayo. Kwa hiyo baba, alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, alisimama mbele ya usharika mzima akatangaza kwamba ameshamhamishia baba yake kwenye makaburi ya kanisa, kwa sala. Ulikuwa uongo mtupu. Nyumbani wote tulijua, na bibi, siku miguu ilipokuwa na nafuu, alikuwa bado anashuka na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kwenda kuongea na mumewe.

"Na hapa pana kaburi?" mthamini akauliza.

Mzee wa kamati aliinua uso akamtazama baba.

"Huo ni mpaka tu," baba akasema. Akanigeukia. "Andika, mama. Mpaka."

Mtu aliyetoka kupigania mibuni miwili kama simba! Niliona hasira, nikaona na aibu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika: masale, mpaka. Mthamini akasema masale hayana bei, tukasonga mbele.

Njiani baba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba atamhamisha mwenyewe, kimyakimya, kabla mashine hazijafika. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Bibi aliponiuliza kama nimemwandika, nikajibu, "Ndiyo, bibi." Akanibariki kwa kunitemea mate kifuani, kama wazee walivyofanya.

Wiki zikapita, baba kila siku ana sababu. Mara mvua, mara kikao cha kanisa. Greda lilikuja asubuhi ambayo alikuwa ameshuka Moshi kupanga foleni ya fidia. Bibi alisikia ngurumo, akaniamuru nimshike mkono. Tuliteremka polepole mno. Tulipofika, masale yalikuwa yamelala mizizi juu, na udongo ulikuwa umeshasukumwa bondeni.

Dereva alizima mashine, akashuka. "Shikamoo bibi. Kuna tatizo?"

Nikalazimika kusema kwamba hapo palikuwa na kaburi, na kwamba baba aliniambia niandike mpaka, nikaandika. Yule dereva akavua kofia, akarudi kuchukua karatasi yake, akaisoma mara mbili. "Hapa hawakuonyesha kaburi," akasema. "Wangeonyesha, nisingegusa."

Bibi hakulia. Aliinama akatafuta chungu kwa mikono, mimi nikitafuta pembeni yake, na hatukupata hata kigae. Alipochoka akaketi juu ya udongo ule mbichi.

"Baba yako aliwaogopa wazee wenzake," akaniambia. "Wewe ulimwogopa nani?"

Nilimwogopa baba. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, nilifundisha darasa zima la watoto wa watu kusema kweli, na nilimwogopa baba yangu. Nilimshika mkono nimwinue, akautoa, akapanda mlima peke yake akishikilia migomba.