Injini Iliyolia Ziwa Jipe

Juzi mjini Taveta lori la mchanga liliinua bodi huku likilia wiii, nikakumbuka injini ya boti ya baba mdogo kule Ziwa Jipe, nilipokuwa mtoto. Matete yalinuka matope na petroli. Baba mdogo alibonyeza swichi, injini ikawa inainuka nyuma ya boti huku ikilia, nami nikadhani inaumwa.

“Weka kidole hapa, uniambie kama inatetemeka.”

Niliweka kwenye mwanya kati ya injini na boti. Akaishusha bila kuniangalia. Kidole kikabanwa, nikapiga mayowe.

“Nyamaza,” alisema, sikio lake likiwa kwenye chuma. “Nataka kuisikia.”

Siku hizi najua pampu ya kuiinua ilikuwa imepungukiwa na oili tu. Siku ile niliamini imeumia kuliko mimi, nikang'ata ukosi wa gauni nikanyamaza, kidole kikiwa bado ndani.