Treni Aliyeamshwa

Darasani nilikuwa naitwa Bubu. Sikukasirika, kweli nilikuwa sisemi. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili aliponichagua kwenye mdahalo, watu waligeuka kunitazama kama nimeota pembe. Mada: mashine mpya zinawanyima watu kazi. Mimi nitetee.

Nilipofika nyumbani Shangani nikamkimbilia babu. Ujanani alikuwa mchochea moto wa treni za mvuke huko Tabora. Baba alipohamishiwa bandari ya hapa Mtwara, akamleta.

"Babu, treni ya mvuke ilikuwa na kazi sana?"

"Kazi? Yule alikuwa mgonjwa wa kulazwa!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kuonyesha kwa mikono. "Akisafiri asubuhi, sisi tunamwamsha kabla jogoo hajawika. Huyu anawasha moto, huyu anamnywesha maji, huyu anampaka grisi kwenye viungo. Njiani ana kiu tena. Akirudi, tunamkwangua masizi. Dizeli ilipokuja, mama, dereva anawasha kama bodaboda, huyoo! Wenzangu wengi wakarudi kulima tumbaku."

Siku ikafika. Nikasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, treni wa mvuke alikuwa anaamshwa, ananyweshwa, anapakwa grisi..."

"Huyo ni treni au bibi yako?" akadakia kijana wa dawati la nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Wengi wetu treni hatujawahi kuiona, huku Mtwara hakuna reli.

"Upatanisho wa kisarufi," mwalimu akasema, naye akijizuia asicheke. "Treni inaamshwa."

Kawaida hapo ningekaa. Lakini nikakumbuka mikono ya babu, ilivyokuwa inamimina maji ambayo hayapo.

"Mwalimu, inayowashwa ni dizeli," nikasema. "Huyu aliamshwa. Ukimhudumia mtu hivyo kila siku, utamwitaje 'i'?"

Walicheka tena, ila safari hii sikutamani kujificha. Kisha msichana wa upande wa pili akauliza, "Na hao waliomhudumia, walilala saa ngapi?" Nikakaa. Tukashindwa vibaya.

Nilipomsimulia babu, akatikisa kichwa. "Huyo binti ana akili. Hatukulala."

Siku hizi jina la Bubu halipo. Nikiingia darasani asubuhi, yule kijana wa nyuma anapaza sauti, "Treni ameamka?"

"Ameamka," namjibu. "Bado kunyweshwa chai."